Noti Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Mlionisalimia kwa salaam nimewaitikia, na mlioniuliza habari, ni nzuri. Mwenyekiti wa chama chetu cha kuweka na kukopa amenipa dakika chache, na nyote mnajua mdomo wangu hausomi saa, kwa hivyo mtanivumilia. Sitataja jina la mtu. Ukimtambua mtu, nyamaza, hasa kama ameketi karibu nawe.

Mnanijua kama mama wa hoteli. Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, meza nne, kitanda chetu nyuma ya pazia, na pembeni kijiduka cha sukari, majani ya chai na chumvi. Tuliianza miaka ya sabini, mimi na bwana yangu. Alipofariki nikabaki na watoto watatu, na karo yao yote ilitoka kwa ile sufuria ya chai.

Kila asubuhi kulikuwa na mama mmoja aliyeniletea maziwa kutoka upande wa Gotu, yale yanayonukia moshi kwa sababu kibuyu kimefukizwa vizuri. Madereva wa malori ya Merti walikuwa wanakatisha safari kwa ajili ya chai hiyo. Nilimlipa kila Ijumaa, na mara nyingi kabla hajatoka mlangoni alikuwa ameshanunua kwangu sukari na majani ya wiki nzima.

Sasa, Ijumaa moja alinipa noti ya shilingi ishirini iliyopasuka katikati. Mbuzi wake alikuwa ameinyakua kwenye kitambaa akaanza kuitafuna. Tulicheka mpaka machozi. Nikatoa sindano, nikaishona noti kwa uzi mwekundu, na tangu siku hiyo tukaiita mtoto wetu. Ilitembea mji huu kuliko polisi. Nikimlipa maziwa, inaenda kwa muuza nyama, inaenda kwa dereva, inarudi kwangu kwa chai na mkate.

"Mtoto wetu amerudi," namwambia.

"Amelala wapi?"

"Kwa muuza nyama."

"Basi ameshiba."

Ndugu zangu, tulifanya mzaha na kitu ambacho hatukukielewa.

Miaka ya themanini ilipoanza, ugonjwa wa mifugo ukaingia na soko likafungwa. Karantini. Hakuna ng'ombe anayeuzwa, hakuna lori linalopakia. Mliokuwa hapa mnakumbuka vile mji ulinyamaza. Mimi niliogopa sana, sitawadanganya. Mjane, watoto watatu shuleni. Nikajiambia, shilingi ikiingia kwangu sasa haitoki tena. Nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikauosha, nikaufukia ndani ya gunia la unga chini ya kitanda.

Yule mama alipokuja asubuhi nikamwambia arudi na maziwa yake. Nilikuwa nimenunua maziwa ya unga Meru, bei nafuu, hayachachi. Alinitazama, akainua kibuyu chake, akaenda zake. Muuza nyama nikamwambia nimeacha kupika nyama. Mzee wa maji, yule aliyeniletea kwa punda, nikamwambia watoto wangu watachota wenyewe. Kila nilipokataa mtu, niliona nimeokoa kitu, na usiku nilishika mkebe nikasikia uzito wake. Nililala vizuri, nawaambia ukweli.

Wiki ya kwanza muuza nyama hakuja kunywa chai. Nikasema ana hasira, itaisha. Halafu wafanyakazi wake nao wakapotea. Mzee wa punda alipita mlangoni bila kugeuza shingo. Sukari ikaganda ndani ya gunia. Ile chai ya maziwa ya unga, dereva mmoja aliyebaki aliionja, akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, hii umepika na chokaa?" Hakurudi pia.

Nikawa naketi kwenye meza zangu nne, nikizibadilisha ili zisichoke. Mnacheka, lakini sikuuza hata kikombe kimoja. Mwenye ploti, aliyenipangisha chumba, akaja. Mtu mpole, lakini kodi ni kodi. Akaniambia kama mwisho wa mwezi sijalipa yote, ataweka mtu mwingine. Bila chumba kile, watoto wangu wangefukuzwa shule kwa kukosa karo.

Ndipo nilianza kutafuta wa kulaumu. Pesa ya mji huu imeenda wapi? Nikaketi mlangoni nikichunguza. Siku ya tatu nikamwona yule mama wa maziwa akitoka kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Damu ikanipanda kichwani. Kumbe ndiko anakopeleka, nikasema. Miaka yote nimemlisha, na sasa ananunua kwa jirani.

Nikavuka barabara. Watu walikuwa wengi, wametoka kuswali. Nikamshika mkono mbele yao.

"Mtoto wetu umempeleka kwa nani?" nikamuuliza. "Umeniacha nife njaa, unatajirisha watu wengine."

Akautoa mkono wake polepole. "Dada, tangu uniambie nirudi na maziwa yangu, sijashika noti. Hapo nilikuwa naomba sukari ya kukopa. Wamekataa. Binti yangu ametolewa shule." Akafungua kitambaa chake, kile cha pesa, akakikung'uta. Hakikuanguka kitu.

Watu walinitazama. Nilirudi hotelini nikiwa bado na hasira, maana aibu ikianza huvaa nguo ya hasira. Nikafunga mlango mchana, nikautoa mkebe nijue kama kodi inatosha. Nikamwaga pesa kitandani. Na katikati ya noti zile nikaona uzi mwekundu.

Nilikuwa nimeiweka mimi mwenyewe. Ilikuwa malipo ya mwisho ya sukari aliyonunua yule mama kabla sijamfukuza. Nimeitafuta mji mzima, nimemshika mtu mkono mbele ya watu, na noti iko chini ya kitanda changu. Nililia. Niliona sura zao wote, muuza nyama, mzee wa punda, dereva, na nikaelewa kwamba pesa niliyowanyima ndiyo ile waliyokuwa wananiletea.

Lakini kuelewa hakulipi kodi. Pesa ya mkebe ilitosha kodi na kidogo tu juu yake. Nikilipa yote, nina chumba kisicho na mteja. Nisipolipa, natupwa nje. Nilitembea humo ndani mpaka magoti yakauma. Kesho yake nikampelekea mwenye ploti nusu, nikamwomba mwezi mmoja. Alizihesabu, halafu akasema, "Mwezi mmoja. Sitakuja mara mbili."

Kisha nikaenda Chechelesi, kwa dada yake yule mama, ambako alikuwa anafikia akiwa mjini. Nikamwomba tutoke pamoja mpaka pale pale barabarani, kwa sababu mahali ulipomvunjia mtu heshima ndipo unapomrudishia. Nikamwomba msamaha watu wakisikia, nikamnyooshea ile noti.

Hakuipokea. "Hiyo ni sadaka?" akauliza.

"Hapana. Ni maziwa ya wiki hii yote, nalipa mbele."

"Basi kesho asubuhi," akasema, akaichukua.

Maziwa yalikuja. Nikamrudisha muuza nyama, kidogo, nikamrudisha mzee wa punda. Mkebe ukabaki mwepesi hivi kwamba nilikuwa naogopa kuugusa. Ijumaa ikafika, yule mama hakununua kitu kwangu. Alisema unga kwanza, watoto hawajala. Jumamosi kimya. Jumapili kanisani sikusikia hata mahubiri, Mungu anisamehe, nilikuwa nahesabu siku za mwenye ploti.

Jumatatu mzee wa punda akamwaga maji kwenye pipa, akaketi, akaagiza chai na mikate miwili. Akalipa. Nikaona uzi mwekundu.

"Mzee, hii umeitoa wapi?"

"Kwa mwenye posho mill, anayesaga unga. Nampelekea maji." Akavuta kikombe. "Chai imerudi kuwa chai."

Wenye mill walikuja baada yake, na wa nyama, na karantini ilipoondolewa madereva wakanikuta nimesimama. Mwezi ulipoisha mwenye ploti alikuja mara moja tu, kama alivyosema, na akaondoka na pesa yake yote.

Namshukuru mwenye ploti kwa ule mwezi. Namshukuru mzee wa punda, Mungu amlaze pema. Na wewe uliyeketi mstari wa pili umejifunika uso na leso, usijifiche, nakushukuru kwa kuuliza kama ni sadaka. Ungeipokea hivyo, maziwa yasingekuja; leo nisingekuwa na hoteli, na wewe ungekuwa na deni la huruma tu.

Wenzangu, karantini nyingine imetangazwa. Wiki jana tulisema tufunge sanduku la chama, mtu asikopeshwe mpaka soko lifunguliwe, na mimi nikanyamaza. Ninaijua hiyo hofu, nimelala juu yake. Wekeni akiba, ndiyo, lakini msifukie yote. Mkiuliza kura yangu, sanduku lifunguliwe leo, na wa kwanza kukopeshwa awe anayenunua kutoka kwa mwingine humu ndani.

Na ile noti, kwa wale watakaouliza, sina. Nililipia maziwa.