Lori Lililopimwa kwa Fimbo

Haya nilisimuliwa na Idil, mke wa mwanangu, Jumatano alasiri, vumbi la safari likiwa bado kwenye shungi lake.

Alikaa mbele ya lori, kati ya dereva Kilonzi na mfugaji mmoja, Mzee Dagane, watu wasiojuana. Nyuma walikuwa mbuzi sita wa Idil wa kuuzwa Garissa, ambako wanunuzi hutawanyika adhuhuri. Kabla hawajafika mbali na Ijara, injini ikaanza kulia ta-ta-ta.

"Hiyo ni vali," Kilonzi akasema. "Narudi Ijara kabla injini haijakufa." Idil akamsihi asigeuze, maana soko lingine ni wiki ijayo.

"Wewe nasikiliza gari na makalio," Dagane akamwambia. "Simama, shuka."

"Kwani mzee ni fundi?"

"Mimi natibu ngamia. Ngamia naweka sikio kwa mbavu. Hii iko moto, basi naweka fimbo."

Kilonzi akasimama bila kuzima injini; Dagane akagusisha ncha moja ya fimbo yake ya kuchungia kwenye injini, ya pili sikioni, akaihamisha fimbo polepole. Penye bomba la ekzosi akasema, "Hapa ndio gari nauma." Kilonzi akajaribu kwa spana, akakuta nati imelegea. Akaikaza. Sauti ikapungua, haikwisha.

"Iliyobaki ni vali," akasema Kilonzi.

"Iliyobaki ni roho yake. Wewe nataka ikate?"

Walibishana hivyo hadi sokoni, na mbuzi wakawahi wanunuzi. Dagane akajinyoosha kivulini mwa lori, akalala. Kilonzi aliapa kwamba yeye hafumbi jicho mpaka fundi aje kuikagua vali. Idil aliporudi kuwaaga, alimkuta dereva chini ya injini, spana kifuani, anakoroma kumshinda mzee.