Sahihi Tuliyoidhani Nyumba

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo, waheshimiwa maprofesa, ndugu wazazi mliosafiri tangu alfajiri kutoka Dumyat, Tanta na vijijini, wahitimu wenzangu: amani iwe nanyi.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wahitimu, nami nimechagua somo moja tu: mali na haki juu ya vitu. Mnakumbuka Profesa Tharwat Ghobrial, anayestaafu leo, alivyoingia darasani mwaka wa pili akauliza, "Nani kwao wana hukumu ya uhalali wa sahihi?" Nusu yetu tukainua mikono kwa fahari.

"Hongereni," akasema. "Mna sahihi nzuri sana. Na nyumba je, mnazo?"

Mlicheka. Mimi sikucheka.

Baba yangu, fundi Shaker, mchonga viti wa Dumyat, alinunua nyumba kwa mkataba wa mkononi. Hakuiandikisha, nani kwetu huandikisha? Alikwenda mahakamani, hakimu akathibitisha kwamba sahihi ni ya muuzaji, basi; nyumba ni ya nani, hakusema. Lakini karatasi ilirudi na muhuri wa tai, nembo ya serikali, na kwetu muhuri wa tai humaliza ubishi. Tulikaa miaka kumi na mitatu. Muuzaji akafariki, wanawe wakamuuzia mtu mwingine, naye akaiandikisha kwa jina lake. Siku ya kutolewa, shangazi Insaf alisimama mlangoni akimpungia afisa wa mahakama karatasi: "We, huoni tai huyu? Au unadhani ni kuku?"

Tulitoka. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Nilisomea sheria ili niirudishe. Mnajua kutamani chumba anacholala mtu mwingine, huku unakumbuka ubao upi wa sakafu hulia, na upepo wa Nili huingia kwa dirisha lipi? Kumbe haki juu ya kitu hukifuata kitu popote kiendako, na sisi tulikuwa na haki juu ya watu tu: ya kuwadai fidia warithi, si ya kurudi kwenye dirisha lile.

Profesa, nilikufuata ofisini nikitafuta upenyo. Ukasema, "Binti yangu, mngekaa miaka kumi na mitano bila kusumbuliwa, mngeweza kuidai. Mlibakiza miwili." Ukanimiminia chai, ukangoja hadi nikaacha kulia. Nakushukuru kwa kutonifariji kwa uongo.

Baba sikumwambia. Kila Ijumaa aliniuliza, "Masomo yamefika wapi? Nyumba inakungoja." Alhamisi iliyopita, akipiga msasa mguu wa kiti, nikasema, "Baba, nyumba hairudi."

Hakuacha kupiga msasa. "Najua. Wakili aliniambia mwaka uleule tulipotolewa."

"Sasa mbona ulikuwa ukiniuliza?"

"We Ibtihal, ulikuwa huli, husemi na mtu. Siku uliyosema utasoma uirudishe, ukaomba mkate. Ningekunyang'anya?"

Wahitimu wenzangu, kesho watatujia watu na karatasi zao. Tuwaulize mapema, kabla watoto wao hawajazoea madirisha: mmeandikisha?

Baba yuko pale, safu ya tano, kwenye suti ya kuazima. Baba, nyumba ile bado naitamani. Lakini leo nimekula kabla ya kuja, nimeshiba, nawe usiniulize tena.

Asanteni nyote kwa kunitegea sikio.