Breka Iliyofungwa kwa Mpira

Benchi la kijiweni lina miguu mitatu na tofali moja, na asubuhi hiyo Mzee Kola, fundi cherehani mstaafu, alikaa upande wa tofali kwa kuwa hakukusudia kukaa. Mkewe alikuwa amemtuma akamtafute fundi umeme. Boksi la breka nyuma ya mlango wa jikoni, umri wake sawa na wa nyumba yenyewe, lilikuwa limeanza kunguruma, na ukuta wake ulikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Mzee alipitia hapo apate kikombe kimoja tu cha kahawa. Hiki sasa kilikuwa cha tatu.

— Linanguruma vipi? aliuliza Injinia, ambaye kazi yake ni kufungua redio za watu. Kuzifunga ni habari nyingine.

— Kama paka aliyeshiba.

— Basi limeshiba. Ungeogopa kama lingelia njaa.

Bwana Asilimia, aliyekuwa karani enzi zake, akashusha kikombe.

— Asilimia themanini ya maboksi hunguruma. Yasiyonguruma ndiyo yaliyokufa.

— Na breka ya jikoni ilikuwa inaanguka kila mara, umeme unakatika, Mzee Kola akasema. Nikaifunga kwa mpira wa baiskeli. Tangu hapo haijaanguka.

— Hapo umefanya kazi, Injinia akamsifu. Samaki mkunje angali mbichi.

Mzee Kola akatabasamu, ila tabasamu halikufika mbali. Mkewe alikuwa ameuona mpira ule jana yake akanyamaza, na mke wa miaka thelathini akinyamaza, ujue hukumu imeshaandikwa.

— Shemeji yenu anasema kunanuka plastiki iliyoungua, akaongeza kwa sauti ya chini.

— Dalili ya mvua ni mawingu, si harufu, Bwana Asilimia akamtuliza.

— Huo ni umeme unavuja tu, Injinia akasema. Na kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Halafu umeme wa siku hizi una kasi. Ukifika kwenye boksi la kizamani unashangaa, unasimama kidogo. Ndio huo mngurumo: unauliza njia.

— Kwangu lilianza kuungua pazia, muuza kahawa akasema akimimina.

— La nailoni hilo, Injinia akakata shauri, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

— Shemeji awashe jiko la umeme mchana, Bwana Asilimia akashauri. Mchana umeme wote uko viwandani, majumbani yanabaki makombo. Makombo hayachomi nyumba.

Mzee Kola alijua anadanganywa. Alijua tangu kikombe cha kwanza. Lakini uongo wa kijiweni ulikuwa mtamu kuliko kumleta mtu mwenye ujuzi afungue lile boksi, aone kazi ya mikono yake, amtazame, amwite mzee wangu kwa upole.

Mwanamke mwenye ovaroli, mkoba wa koleo na bisibisi begani, akasimama mbele yao.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Namtafuta Mzee Kola.

— Ndiye mimi, binti.

— Mimi ni fundi umeme. Mama kanipigia simu mwenyewe, kasema nikukute hapa. Ule mpira umeyeyuka, umeshikana na breka, sithubutu kuugusa. Mama nimemtoa, yuko nje na mtungi wa gesi. Sasa nyumba kama yenu swichi kuu hukaa mbali na boksi, na nimezunguka kuta zote sijaiona. Iko wapi?

Injinia akachungulia ndani ya kikombe chake. Bwana Asilimia akakohoa.

Mzee Kola akafungua kinywa. Akamkumbuka mwashi, mwaka walipoongeza chumba, akimwita: mzee, hiki kitu ukutani nikifanyeje? Naye alikuwa na haraka, akajibu: piga plasta juu. Ni ukuta upi, hakukumbuka.

— Mzee wangu, fundi akarudia kwa upole. Swichi kuu iko wapi?

Fundi akatoa simu, akaanza kuwatafuta watu wa shirika la umeme waje kukata umeme kwenye nguzo, huku akirudi alikotoka. Mzee Kola akainuka akamfuata, hatua ndefu kuliko umri wake. Muuza kahawa akamkimbilia, akakitoa kikombe mkononi mwake, maana alikuwa anaondoka nacho.