Niliapa Kwamba Mimi na Mdogo Wangu ni Mtu Mmoja

Nawasalimu kwa jina la Yesu, ndugu zangu mnaosoma karatasi hii ya kanisa letu. Sifa namrudishia yeye hapa mwanzoni kabisa, maana nikishaanza kusimulia huwa napotea njia. Naitwa Modesta. Nimezaliwa Ukerewe, naishi Nyakato, nina miaka sitini na moja, na shule niliishia darasa la nne. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari, Katibu akayachapa. Nilimwambia asininyooshee Kiswahili changu, akasema hata akitaka hawezi.

Mtashangaa mtu wa darasa la nne anafanya kazi ya kompyuta. Mimi ni fundi wa nyaya za mtandao, zile zinazopita ukutani na juu ya dari, ili ukienda kituo cha afya daktari aone habari zako bila kutuma mtu na faili. Nimepanda ngazi kwenye ofisi nyingi za serikali kanda hii. Lakini kwa miaka kumi na minne niliyapanda maisha hayo kwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa hai, na ni ndugu yangu wa tumbo moja. Hapo ndipo Bwana aliponitoa.

Zamani nilikuwa nasuka nywele Buzuruga, kwenye kibaraza cha duka la dawa. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wawili wanasoma. Kusuka ni kazi nzuri ya kusikia habari, maana mtu ukimshika kichwa saa nne nzima atakueleza hata ya mumewe. Basi mteja mmoja akaniambia kuna kampuni ya kompyuta pale Mirongo inatafuta mfagizi. Nikaenda. Wakasema hata mfagizi lazima awe na cheti cha kidato cha nne. Fagio linataka kidato cha nne la nini, sijui mpaka leo.

Nikavuka kwenda Ukerewe kumsalimu mama. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake cheti cha mdogo wangu Agripina. Yeye ndiye aliyesoma kwetu. Mimi niliachishwa shule ili nimlee, nikambeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Kwa hiyo nikajiambia kwamba nusu ya cheti kile ni changu. Ndugu zangu, shetani hakunijia na mapembe. Alinijia na haki yangu mkononi. Agripina alikuwa ameolewa Bunda, analima, cheti kimelala tu. Nikakikunja ndani ya kanga, sikumwambia mtu.

Sasa kitambulisho kinasema Modesta, cheti kinasema Agripina. Wajuaji wa mjini wakaniambia hilo dogo, nenda kwa wakili ukale kiapo. Wapo watu wengi wenye majina mawili kwa halali, moja la ubatizo na moja la nyumbani, na kiapo kile kiliwekwa kwa ajili yao. Mimi nikajipenyeza humo. Wakili akaniandikia karatasi kwamba Modesta na Agripina ni mtu mmoja. Nikashika Biblia, nikaapa, nikaweka sahihi. Nilipotoka nje nikala chapati kwa maharage, na ilinishuka vizuri kabisa. Nikikumbuka chapati ile ndipo naogopa.

Mwaka uliofuata Agripina alikuja kukitafuta cheti chake. Mama akapekua sanduku, akasema itakuwa mchwa. Tangu siku hiyo mama alijilaumu. Kila nikienda kumsalimu ananiambia, "Modesta, nimemharibia mtoto jasho lake." Na mimi namjibu, "Acha mama, mchwa hawana adabu." Mama yetu amezikwa akiwa na mchwa wake moyoni. Hilo siwezi tena kulirekebisha, nimemwachia Mungu.

Nirudi Mirongo. Bosi wetu ni Mhaya, Rwegasira, kijana msomi, na Mhaya akisoma mnajua mtaa mzima utaarifiwa. Mimi nafagia, mafundi wanabana vichwa vya nyaya. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na lazima zikae kwa mpangilio wa rangi, ndipo unabana kichwa cha plastiki. Siku moja nikamwambia fundi, "Baba, ya kijani umeiruka." Akanijibu, "Mama, fagia." Nikafagia. Wakapima, waya haukupitisha kitu. Rwegasira akasema, "Hebu mpeni mama." Nikazinyoosha nyuzi zile nane, nikazipanga, nikabana, ukapita mara ya kwanza.

"Mama Agri, nani kakufundisha?"

"Vichwa vya watu, bosi. Nimesuka miaka kumi na tisa."

Akacheka sana, na kesho yake akanipa koleo langu mwenyewe.

Ndipo ukaja mtihani wa kampuni ya nje. Unafanyika kwenye kompyuta, Kiingereza kitupu, na kamera inakutazama kama mama mkwe. Wale mafundi walinitafsiria swali moja moja, nami nikakariri kama katekisimu. Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nikapita. Baadaye nikafanya mwingine wa nyaya za kioo, zile zinazopitisha mwanga, nao nikapita. Vyeti vikaja vimeandikwa Agripina. Ofisi nzima ikanywa soda, wakanipiga picha nimevishika, nami nikatabasamu kwa mdomo tu. Kazini naitwa Agripina, kanisani Modesta. Jumapili mkiniita mlikuwa mnaona nachelewa kuitika, mkadhani ni masikio.

Vyeti vile vilileta kazi. Zabuni ya serikali haiangalii sura, inaangalia makaratasi, na kila cheti cha fundi kinaongeza alama. Tukaanza kupata mikataba, shule, vituo vya afya, ofisi za ardhi. Watoto wangu wakamaliza vyuo. Mwaka jana ikaja kazi kubwa kuliko zote, jengo jipya la ofisi moja ya serikali hapa mjini, na mafundi wote tukaandikishwa kwenye mfumo ule ule unaopokea maombi ya kazi za serikali, kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne. Nami nikaandika ile ya Agripina.

Siku ya Jumatatu nilikuwa juu ya ngazi kwenye korido ya jengo hilo, navuta waya, kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Chini watu wamejipanga kwenye benchi, wameleta malalamiko ya maombi ya kazi. Karani akatoka mlangoni akaita, "Agripina Mabula."

Nikaitika, "Naam."

Na pale kwenye benchi mtu mwingine akaitika, "Abee."

Nikatazama chini. Mdogo wangu alikuwa ameshika karatasi ya polisi ya kupotelewa na cheti. Kulikuwa na kazi ya mkataba ya ukarani wilayani kwao, na yeye alikuwa bado anaikumbuka namba yake ya mtihani kwa kichwa. Lakini kila akiiingiza, mfumo unamwambia ina mtu tayari. Amepanda basi kutoka Bunda kuja kuuliza mtu huyo ni nani.

Karani akasema, "Mbona mnaitika wawili? Agripina ni yupi?"

Nikashuka ngazi. Agripina akanisogelea kwa furaha, hajaelewa. "Dada, shikamoo."

"Marahaba."

Halafu macho yake yakashuka kwenye kitambulisho changu. Akasoma polepole, herufi kwa herufi. Hakupiga kelele. Akasema, "Kumbe mchwa wenyewe walikuwa na miguu miwili."

Akamgeukia karani, akamwambia, "Mwache huyu mama afanye kazi yake. Nitarudi Ijumaa, siku ya mwisho ya maombi." Akachukua mkoba wake akaondoka. Hakunitaja, ndugu zangu. Angeweza kunimaliza palepale kwa neno moja, akajizuia. Neno lile akaniachia mimi.

Sasa pimeni. Nikinyamaza mpaka Ijumaa, Agripina amekosa kazi, na jina lake ni langu mpaka kaburini. Nikisema, nimepoteza kazi, vyeti, mkataba wa kampuni, na pengine naenda jela nikiwa bibi wa wajukuu. Jumanne nilifunga na kuomba. Nawaambia ukweli nilichoomba. Nilimwomba Mungu amfungulie Agripina mlango mwingine. Nilimtajia Mungu hata milango yenyewe, kana kwamba hajui Bunda. Niliomba mpaka magoti yakauma, na amani haikuja.

Jumatano nikaenda kwa mchungaji. Nikamweleza yote, hata chapati. Nikamwambia, "Mchungaji, niwekee mikono, nifunguliwe." Akasema, "Mama Modesta, maombi nitakuombea. Lakini hili pepo halikemewi hapa. Hili linatoka ukienda kule ofisini kwa miguu yako."

Nikamkasirikia. Nilitaka mafuta, yeye ananipa safari. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani, ndugu zangu, jambo likanijia moyoni kwa upole sana. Nilikuwa naogopa kupoteza kila kitu cha Agripina, lakini kumbe cha Modesta hakikuwepo hata kimoja cha kupoteza. Nilikuwa nimejificha ndani ya mtu hata Mungu wangu nikawa namwomba anibarikie mtu ambaye si mimi. Nikakaa kwenye jiwe kando ya barabara, Nyakato hatukosi mawe, nikasema, "Baba, ni Modesta." Sikusema zaidi. Amani niliyoitafuta siku mbili ikaja nikiwa nimekaa pale, na malori yanapita.

Alhamisi asubuhi nikamwambia Rwegasira. Alikuwa ameshika kikombe cha kahawa, akakiweka chini.

"Mama Agri, unanitania."

"Naitwa Modesta, bosi."

"Unajua umenifanya nini? Mkataba umesimama kwenye vyeti vyako!"

"Najua."

"Ungekufa nalo tu, mama. Nani angejua?"

"Mdogo wangu anajua. Na aliyeniumba anajua."

Akanifukuza, na haki yake. Lakini nitamsifu kwa hili, alinipeleka mwenyewe kwa gari mpaka ile ofisi, akaandika barua ya kuondoa jina. Mimi nikaandika maelezo yangu, nikaonyesha cheti, nikatoa na ile karatasi ya kiapo. Ofisa akanieleza wazi kwamba kesi inaweza kuja. Haijaja mpaka leo. Ikija nitakwenda, na nitaitika kwa jina langu.

Ijumaa Agripina aliingiza namba yake, ikakubali. Kazi aliipata. Cheti chake nilimkabidhi kwa mikono miwili, nikapiga magoti, mimi mkubwa kwake. Akasema, "Inuka dada, watu wanatazama." Hakusema amenisamehe. Kumsomea mama kaburini yale niliyofanya, hilo ndilo alilonitaka, na tulikwenda wote wawili nikasema kwa sauti. Siku hizi ananipigia simu. Anaongea kidogo, anakata. Sidai zaidi.

Nikarudi kusuka Buzuruga. Wakanicheka, "Injinia kashuka ngazi." Nikasuka. Miezi ikapita, mteja mmoja, si niliwaambia kazi ile ina habari, akaniambia vyuo vya ufundi vinapima watu waliojifunzia kazini, hawaulizi kidato cha nne, wanatazama mikono. Nikaenda. Mpimaji akanipa waya, koleo na ukuta, akasimama pembeni. Alipomaliza kupima akaniuliza nimejifunza wapi, nikamweleza bila kuruka kitu. Akaandika. Cheti kikatoka: Modesta Mabula. Ule mtihani wa nje nimeurudia kwa jina langu, nikaanguka, nitaurudia tena. Umri umeongezeka, Kiingereza ni kile kile.

Mwezi uliopita Rwegasira akanipigia. Kituo cha afya kimoja kando ya ziwa mtandao unakatika, vijana wamehangaika wiki nzima. Akasema, "Mama Modesta, njoo, kibarua cha siku tatu, na kwenye mkataba nitakuandika ulivyo." Nikaenda. Getini nikapewa daftari la kusaini. Nikaishika kalamu bila kuandika, maana jina lile sikuwa nimeliandika mahali pa kazi hata siku moja maishani. Mlinzi akasema, "Bibi, andika tu, hatuna haraka." Nikaliandika lote.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu hakunipa mlango niliomtajia. Na wewe unayesoma, ukiwa na karatasi ya mtu kabatini, au uongo uliokulisha vizuri mpaka ukanenepa, usingoje mpaka muitike wawili. Mtegemee Bwana. Hatakuzuia usipoteze, lakini hutapotea wewe. Na kama unaogopa kwenda peke yako, nakaa hapa Nyakato, nyuma ya kanisa, nitakusindikiza mpaka mlangoni. Ukifika uliza Modesta. Nitaitika.