Jaji wa Chai ya Saa Nne Ashika Mwiko

Ijumaa, tarehe 29 Agosti, Mzee Ezekiel Gichuru alistaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha sufuria hapa Thika kwa miaka thelathini na minne. Naandika haya Jumamosi asubuhi, nikiwa bado nimeshiba pilau yake, na kesho usiku ndiyo fainali ya Sufuria ya Dhahabu, yale mashindano ya upishi kwenye televisheni. Waliokaa na Mzee wakati wa chai wanajua kwamba mambo hayo mawili hayatenganishwi. Wengine nitawaeleza.

Mzee aliajiriwa mwaka 1991 na marehemu Bwana Kantilal, kazi yake ikiwa kufagia vipande vya alumini. Baadaye akapelekwa kwenye mashine ya kuzungusha, ile inayolikunja bati la duara mpaka liwe chombo, na hapo ndipo alipokaa. Akawa kiongozi wa zamu, kisha msimamizi wa sehemu nzima. Mashine mpya zilipoletwa alikataa kuzigusa kwa wiki kadhaa, kisha akawa yeye ndiye anayewafundisha wengine, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha zile wiki. Muda wote wa usimamizi wake hakuna mfanyakazi aliyepoteza kidole. Wanaojua mashine ile wataelewa kwa nini nimelitaja hilo kabla ya vyeti vyake.

Uamuzi wake mmoja wa kikazi hautasahaulika. Bi. Nalini, alipochukua usimamizi kutoka kwa baba yake Bwana Kantilal, alipendekeza tutengeneze sufuria ndogo ya mtu mmoja. Mzee alisimama mkutanoni akapinga. Alisema hiyo si sufuria, ni kikombe. Aliuliza ni nani anayepika chakula cha mtu mmoja tu, na mgeni akibisha hodi atapewa nini. Siku hizo nyumbani kwake Ngoingwa kulikuwa na mkewe, Mama Ngendo, na watoto, na kila mara mpwa fulani aliyekuja kutafuta kazi mjini. Sufuria ilitengenezwa hata hivyo. Leo ndiyo tunayouza zaidi, hasa kwa wanafunzi wa Kahawa Wendani wanaoishi hosteli. Mzee aliendelea kuiita kikombe.

Mama Ngendo alifariki miaka miwili iliyopita. Mzee aliporudi kazini tuliona jambo ambalo hatukulizoea: mchana anakula mandazi. Mtu ambaye sufuria zake ziko katika nyumba nyingi za mji huu hakuwa amewahi kupika hata uji. Watoto walikuwa wameshahama, na jioni alinunua chipsi za steji ya matatu au alilala na chai. Alikonda. Bintiye Ngendo, anayeishi Ruiru, alimtengea chumba kwenye nyumba yake ya kupanga akamtaka ahamie huko mara tu atakapostaafu. Mzee hakutaka hata kusikia. Ile nyumba ya Ngoingwa waliijenga yeye na mkewe, chumba baada ya chumba, na hakuwa tayari kuifunga kufuli kwa sababu ya chakula. Ngendo naye ni mtoto wa babake, hakurudi nyuma. Alitaka ajibiwe swali moja tu, kwamba Mzee atakula nini.

Ndipo Sufuria ya Dhahabu ilipoanza kuonyeshwa Jumapili usiku, baada ya taarifa ya habari. Mzee aliiona mara ya kwanza kwa sababu alikuwa amelala kwenye kiti bila kuzima televisheni baada ya habari. Kuanzia hapo, kila Jumatatu saa nne, wakati wa chai, tulipewa hukumu.

Jambo la kwanza lililomkera ni majaji. Wanaonja kijiko kimoja kisha wanazungumza sana. Mzee alishikilia kwamba kijiko hakisemi kitu, na kwamba chakula kinahukumiwa na sahani inayorudi. La pili lilikuwa ukubwa wa sahani na udogo wa kilichomo. "Hiyo ni chakula ama ni sampuli?" aliuliza, na swali hilo sasa tunaliuliza kwenye kila harusi. Alitaka ule muziki wa huzuni uzimwe ili watu wapike. Zawadi yenyewe, sufuria iliyopakwa dhahabu, aliiona kama tusi kwa fani yetu kwa sababu huwezi kuiweka motoni. Utabiri wake ulikuwa mbovu. Washiriki aliowaaga Jumatatu waliendelea kupika Jumapili iliyofuata wakiwa na afya njema.

Waliobaki hadi fainali ni wawili. Kaluki ni kipenzi cha Mzee tangu mwanzo, kwa kuwa anatumia sufuria ya kawaida, anaonja mara kwa mara na anasafisha meza anapoendelea. Arjun hakupata amani. Kwenye nusu fainali pilau yake ilishika chini. Kijana hakukoroga. Alichota ile ya juu polepole, akaiweka kwenye chombo kingine, akaipakua kwa majaji huku anatabasamu, nao wakamsifu kwa utulivu wake. Mzee hakutulia wiki nzima. Aliita huo wizi. Alisema mtu akiunguza aseme ameunguza. Gachau wa sehemu ya kung'arisha, ambaye huja na chakula chake kutoka nyumbani na bado hunusa cha wengine akitafuta kasoro, alimtetea Arjun. Mara mbili ilibidi kengele ya kazi iwatenganishe.

Wenzetu wa ofisini huenda hawajui kwamba sisi wa karakana tuna desturi yetu. Anayestaafu huipikia sehemu yake chakula cha mchana cha mwisho, ndani ya sufuria kubwa aliyotengenezewa na wenzake, kisha huondoka nayo. Wanaume wengi hukwepa. Mke hupika nyumbani, sufuria ikaletwa kwa bodaboda ikiwa imejaa. Ngendo alijitolea kuja kupika. Mzee akakataa, na mbele yetu akampa masharti: atapika mwenyewe, na sahani zikirudi na chakula, Jumapili ya fainali atafunga virago aende Ruiru. Zikirudi tupu, atabaki Ngoingwa na habari ya kuhama isitajwe tena. Ngendo alikubali kwa masharti yake mawili. Yeye mwenyewe awepo, na Gachau apewe sahani. Huyo binti angefaa kuwa meneja.

Tulitarajia githeri. Mzee alichagua pilau, na kila mtu alijua alitaka kumwonyesha nani jinsi inavyopikwa.

Jiko la makaa liliwashwa nyuma ya stoo yangu, kwa hiyo niliona yote. Alikuwa amefanya mazoezi. Alikata vitunguu akiwa amekunja vidole kama wanavyofanya kwenye televisheni, akavikaanga mpaka vikawa rangi ya kahawia, na harufu ya viungo ikawatoa watu kwenye mashine kabla ya saa. Nyama ikaiva. Mchele ukaingia, akafunika. Ikabaki kungoja tu. Hapo Gachau akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiye na nia mbaya, nani atashinda Jumapili. Mzee akavuta kiti. Alianza na Kaluki, akafika kwa Arjun, na alikuwa bado anaeleza ubaya wa kuficha pilau iliyoungua wakati Ngendo alipoinua pua. "Baba, kuna kitu inaungua."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu pale alijua kilichokuwa ndani ya sufuria ile pamoja na mchele. Mzee alifunua. Alishika mwiko, akauweka chini, akamtazama binti yake. Kisha akaniomba sufuria nyingine, safi. Nilikimbia kuileta. Akachota ile ya juu polepole, bila kugusa chini, vile vile alivyofanya Arjun. Lakini kabla ya kupakua alisimama mbele ya watu wote.

"Imeungua chini. Hii ni ya juu," alisema. "Mwenye hataki asichukue. Na huyo kijana Arjun, nilimkosea. Kumbe hiyo kazi ni ngumu."

Wote tulichukua. Sitadanganya, ilikuwa na moshi kwa mbali, lakini nyama ilikuwa laini na chumvi ilikuwa sawa. Gachau alikula bila kunusa kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ngendo hakumwondolea macho. Mwishowe Gachau aliinuka, akaenda mpaka kwa Mzee akanyoosha sahani tupu. "Mzee, ongeza hapo. Na huo ukoko usimwage, ule usio mweusi." Tulipiga makofi hadi walinzi wa langoni wakaja kuuliza kuna nini. Nao wakapewa.

Ngendo alikusanya sahani mwenyewe, akiangalia moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa tupu. Alipomaliza kuziosha alikuja kwenye dirisha la stoo, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Nipatie ile ndogo kabisa," aliniambia. "Ile ya mtu mmoja."

Niliifunga kwa gazeti. Alimpelekea babake, naye akaifungua pale pale. Aliizungusha, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo kama alivyofanya kwa kila sufuria katika maisha yake ya kazi. Bi. Nalini alikuwa amesimama karibu, na nadhani amelisubiri neno lake tangu ule mkutano. Mzee alisema ni sufuria nzuri. Sote tukajifanya tunatafuta vitu vyetu.

Kisha akatangaza kwamba ndogo ni ya kuanzia Jumatatu. Kesho kuna fainali, na kesho atapika kwa ile kubwa, nyumbani kwake Ngoingwa, kwa sehemu yote. Hajasema atamshangilia nani. Gachau amesema analeta kiti chake.

Mzee Gichuru, tunakushukuru kwa kazi, kwa ukali uliotulindia vidole, na kwa Jumatatu zote zile ambazo hatujui tutazijaza na nini. Tunakuombea afya njema na miaka mingi kwenye nyumba mliyoijenga wawili. Makaa usiyazidishe. Uliwahi kuuliza mgeni akibisha hodi atapewa nini. Kesho jioni tutabisha.

Njambi, Stoo