Mama Njia, na Kiti Kilichoupa Ukuta Mgongo

Marehemu, ambaye kazini walimwita Mama Njia, alikuwa binti wa pili wa seremala aliyetengeneza madawati ya shule mbili, na mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto mia nne bila kupoteza hata mama mmoja. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1961, katika nyumba ya vyumba viwili, dada yake mkubwa akiwa ameshika beseni la maji.

Alianza shule mwaka 1968. Dada mtu aliishia darasa la saba, akawa mtunza stoo wa kiwanda cha sare. Mdogo alisonga mbele hadi chuo, akasomea kompyuta. Wivu ulikuwepo, waliokaa hapa wanajua, tusidanganyane mbele ya jeneza.

Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 1986. Kufikia 2004 alisimamia programu kubwa ya mafaili elfu arobaini, folda ndani ya folda, na mtambo wa kuyaunganisha yawe kitu kimoja. Mtambo huo lazima uambiwe kila faili liko wapi. Marehemu aliandika njia zote za kufikia mafaili kuanzia kompyuta ya mezani kwake. Siku kompyuta ilipopelekwa kwa fundi, mtambo ulitafuta usione kitu, na watu tisini wakakaa siku mbili mikono mapajani.

Alikwenda stoo kwa dada yake, uso umemvimba. Akamkuta anamfokea mshonaji.

"Vifungo viko kushoto kwako? Ukigeuka je? Anzia mlangoni, bwana! Mlango, safu ya pili, kabati la tatu, droo ya chini. Hata kipofu atavipata."

Marehemu aliacha chai aliyokaribishwa hapo stoo ikiwa nusu. Wiki ileile aliamuru njia zote zianzie mlango mmoja, yaani folda kuu ya programu, popote itakapohamishiwa. Mtambo haukukwama tena kwa sababu hiyo. Akapewa cheti cha pongezi kazini, akakitundika sebuleni kwake.

Mumewe, mwalimu wa hesabu aliyemwoa tarehe 12 Desemba 1990, ni mtu wa kuona na kunyamaza. Miaka kumi na tisa, kila alipowatembelea, shemeji yake alichagua kiti kinachoupa mgongo ukuta wenye cheti. Yeye alimwekea mto tu.

Marehemu aliugua ini tangu Machi 2023, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu na dada. Mola amlaze penye utulivu.

Jumatano, siku moja kabla, alimwita dada yake karibu na kitanda.

"Dada, bado unaupa mgongo ukuta wangu?"

"Kiti kile ndicho laini."

"Wazo lilikuwa lako. Nilinyamaza kwa wivu. Mimi na vyeti vyangu vyote, ukanipita na vifungo mkononi."

Dada mtu akaanza kumnyooshea shuka. Marehemu akaendelea:

"Jumatatu wanaanza wafanyakazi wapya saba ofisini kwangu. Nimeshamwambia meneja utawafundisha wewe."

"Mimi? Kompyuta naijulia wapi?"

"Nani amekutajia kompyuta? Simama mlangoni, uwaonyeshe vifungo viliko."