Anayesifu Kinanda Anunue Kahawa

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu, tofali moja na sheria moja: anayesifu nyimbo za Mzee, mwimbaji wa zamani, za miaka ya kinanda anawanunulia wote kahawa kwa Mama Birika, muuzaji wa hapo kando. Sheria aliitunga Jaji, kinyozi mwenyewe, bendi ya Mzee ilipovunjika na Mzee akabaki peke yake na kinanda cha betri. Tangu hapo hajanunua mtu. Lakini juzijuzi mteja mmoja alisahau flashi ya nyimbo hizo dukani, Jaji akaichomeka kwenye redio, na sasa kila mchana anafunga mlango, anasikiliza kinanda kilekile kwa sauti ya chini, kama mwizi. Leo amekaa katikati ya wenzake, anajikaza asije akaanza kuimba.

— Mnajua kwa nini alihamia kinanda? alianza Betri, fundi simu. Vidole vyake vya gitaa viliibwa.

— Na nani?

— Mpiga besi. Mzee alimchukulia mchumba.

— Acha porojo, alisema Sindano, fundi cherehani. Yule wa kinanda hakuwa Mzee. Ni pacha wake. Mzee mwenyewe alikuwa kalala nyumbani.

— Pacha mwenye sauti ileile?

— Ulitaka awe na sauti ya shangazi yako?

— Basi kinanda kilijipiga chenyewe. Nimewahi kufungua kimoja, nyimbo zimo humohumo. Pacha alikuwa anapangusa vumbi tu! Jaji, mbona kimya? Toa hukumu.

— Takataka, alisema Jaji. Takataka tupu.

Mguu wake ulikuwa unapiga mdundo chini ya benchi. Akaukanyaga kwa mguu wa pili.

Binti mwenye ndoo ya gundi, aliyekuwa akibandika tangazo ukutani, akageuka.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Huyo mnayemsema ni babu yangu. Jumamosi anaimba ukumbi wa hapo nyuma. Kaniambia niulize kila kijiwe: kuna anayejua hata wimbo mmoja wa kinanda? Kama hakuna, ataimba za bendi tu. Hataki kuimbia viti.

Betri akachunguza bisibisi yake. Sindano akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Binti akainua ndoo.

— Ule wa kitasa, alisema Jaji.

— Ati nini? Betri alishtuka.

— Mume anarudi safari, mkewe kabadilisha kitasa. Badala ya kugomba, anakaa mlangoni anakisifu: kizuri, kinang'aa. Mimi nilisimama mbele ya mlango kama ule, nikatukana mpaka majirani wakatoka. Sikujua kama mtu anaweza kusifu. Mwambie babu auimbe, nami nitakaa mbele kabisa. Mama Birika, mimina. Nanunua mimi.

— Kinang'aa ni ubeti wa pili, alisema Sindano. Wa kwanza anasifu bawaba.

Akaziba mdomo. Loo! Maneno yalishatoka.

— Bawaba ni wa tatu! Betri alifoka. Wa kwanza anabisha hodi, kinanda ndicho kinachomwitikia!

Jaji akawatazama mmoja mmoja.

— Nyie! Tangu lini?

— Ile flashi ni yangu, alisema Sindano kwa unyonge. Nilishindwa kujua nikudai vipi.

Binti alishaondoka, anacheka njia nzima. Mama Birika akapanga vikombe, akainua birika, kisha akalishusha.

— Wote mmesifu, alisema. Sasa nani analipa?

Wakamtazama Jaji. Jaji akalitazama tofali, kana kwamba nalo lilisifu.